Usisifie karo lisilojaa

Ukipita mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu mpaka Makunduchi, utamsikia mwenye nyumba akijigamba kwa karo lake, yaani shimo la maji ya choo: "Karo langu mwaka wa kumi na mbili huu, halijajaa hata siku moja." Fundi aliyelichimba atapata kazi nyengine tatu kwa sifa hiyo. Mie mwenyewe nimezipata. Basi wewe unayeanza ufundi huu, neno hilo ligeuzegeuze kwanza kabla hujalifurahia.

Upande ule ardhi ni jiwe. Udongo ni shubiri moja hapa, kule hakuna kabisa, na chini yake ni mwamba wa matumbawe ya kale wenye nyufa na mapango. Maji ya choo yakikuta ufa hayachujwi na chochote, yanapita kama yapitavyo kwenye paipu. Na maji baridi ya visima yapo papo hapo chini, yameelea juu ya maji ya chumvi. Karo halijai kwa sababu linamwagikia kwa jirani.

Nililijua hilo kwa aibu. Bibi mmoja wa Jambiani aliniita, akachota ndoo kisimani mwake, akaniambia, "Nusa, mwanangu." Nikanusa. Akasema bahari ikitoa maji hayana neno, ila bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likijaa ndipo yanapoanza kunuka. Nikatembea kutoka kisimani hadi kwenye karo nililomchimbia mtoto wake mwaka uliotangulia. Hatua 14. Siku ya kuchimba sikuuliza kisima kiko wapi. Niliuliza lori la matofali litapita wapi.

Toka siku ile naanza na kisima, cha mwenye nyumba na cha jirani pia. Mita 30 ndiyo kanuni ya kawaida baina ya karo na maji ya kunywa, lakini kanuni hiyo ni ya udongo. Kwenye jiwe lenye nyufa sogea mbali zaidi kadiri kiwanja kitakavyokuruhusu. Kisha funga jiwe kwenye kamba, upime maji ya kisima yako kina gani, na upime siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa pwani. Ukipima maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo, utajidanganya. Tako la shimo la kunyonya, lile linaloyaachia maji ya karo yaingie ardhini, libaki angalau mita moja na nusu juu ya pale maji yanapofika yakiwa juu kabisa. Ikiwa nafasi hiyo haipo, usichimbe kwenda chini. Jenga karo lisilovuja, maji yanayotoka uyapeleke kwenye tuta la mchanga na udongo ulilolinyanyua juu ya jiwe, kisha panda migomba juu yake. Tajiri, yaani mwenye kazi, atalalamika gharama, maana mchanga siku hizi si wa kuokota. Mwache alalamike.

Pemba ni hadithi nyengine, ukiitoa ile sehemu ya mawe ya Micheweni. Kule kuna vilima na mabonde ya mpunga, na udongo wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Niliwahi kuzika tangi la plastiki pembeni mwa bonde, si mbali na Wete, wakati wa kaskazi, ardhi kavu inapasuka. Masika yakaja. Mwenye nyumba akaliita gari likanyonya tangi likabaki tupu, na usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi tangi limeibuka juu ya ardhi kama kasa anayevuta pumzi, paipu zote zimeng'oka. Tangi tupu ndani ya maji ni chombo, litaelea. Kwa hiyo mahali penye maji ya juu lifunge kwenye zege zito, na likishanyonywa lirudishiwe maji haraka.

Kwenye mfinyanzi shimo refu halikusaidii. Ni bora mitaro mirefu isiyo na kina kikubwa, pale juu kwenye mizizi na vijidudu vinavyokula uchafu. Lakini pima kwanza. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30, kijaze maji jioni, kilale. Asubuhi mimina tena, ukae na saa. Inchi moja ikizama chini ya dakika moja, ujue upo juu ya ufa. Ikichukua zaidi ya saa nzima, ardhi hiyo haitakunywia maji ya choo. Kazi hii ni ya siku mbili na haina malipo, ndiyo maana mafundi wengi wanairuka.

Karo lenyewe ni jambo dogo. Vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Maji yaingie na yatoke kwa tii, kiungo cha paipu chenye umbo la T, inayozama chini ya ukoko wa mafuta unaoelea juu, ili mafuta na tope vibaki ndani. Paipu ya inchi nne ishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukishapiga plasta, jaza maji, weka alama, urudi kesho yake. Yakishuka, karo linavuja, hata tajiri aseme saruji imeyanywa.

Linaloua makaro ya vijijini kwetu ni chicha za nazi na pampasi. Chicha haziozi upesi, zinaganda na mafuta mlangoni mwa paipu. Waambie kinamama wa nyumba hiyo wewe mwenyewe, kwa adabu, usimtume tajiri. Uliza pia kuhusu harusi na khitma: nyumba ya watu 8 ikipokea wageni 60 kwa siku tatu, tope lote linasukumwa kwenye mitaro. Siku hizo ni bora wachimbiwe choo cha muda.

Tope likifika theluthi ya kina ni wakati wa kunyonya, kwa kawaida baada ya miaka mitatu hadi mitano. Acha mfuniko unaofikika na njia ya gari. Na usimuingize mtu ndani ya karo, hata kama limefunguliwa tangu jana. Hewa yake humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumuokoa huanguka juu yake.

Mwaka 1978 ndipo kipindupindu kiliporipotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza, na kinaporudi kinapenda miezi ya mvua. Sheha, kiongozi wa shehia, akikuuliza kwa nini unapimapima visima vya watu, mwambie hivyo.

Lile karo la Jambiani tulilifukia kwa gharama yangu, tukajenga jengine nyuma ya nyumba na tuta la migomba. Maji ya bibi hayanuki tena. Nikimpitia hunikatia mkungu, lakini kisima chake hukitumia kufulia tu. Ya kunywa huchota mferejini, na mie simwambii kitu.