Njia ya dharura ya kuingia kwenye seva za matawi

Ndugu, umesema una seva Songea, Sumbawanga na Mtwara, na unatafuta kampuni ya kukuwekea modemu za kupiga simu ili uziingie intaneti ikikatika. Wazo ni zuri, chombo ndicho kimezeeka. Modemu hiyo mwisho wake ni kilobiti 56 kwa sekunde, tena inataka laini ya shaba.

Tafuta watu wa kukuwekea ruta ya 4G, laini iwe ya mtandao tofauti na ule mkuu, kisha ruta ichomekwe kwenye tundu la konsoli, yaani tundu la seva la kuipa amri moja kwa moja. Konsoli hupitisha maandishi tu, bando dogo linatosha. Swali la kuwabana nalo: mtaingiaje kutoka nje? Laini za kawaida mara nyingi hazina anwani ya umma ya intaneti, huwezi kuzibishia hodi. Wataje APN binafsi (njia yako ya faragha ndani ya mtandao wa simu), au ruta yenyewe ifungue WireGuard, njia ya siri ya VPN, kuja ofisini kwako. Wakikwambia wataweka programu ya kuona skrini, waage. Seva ikigoma kuwaka, programu nayo imelala.

Na ruta iwe kwenye UPS, betri ya akiba. Mimi nilisahau, umeme ukakatika, nikapanda basi la usiku kwenda kubonyeza kitufe kimoja.