Na asiye na ndugu je?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni mtu wa boda. Pale steji huwa tunahukumiana wenyewe. Juzi mwenzetu aligonga mama mboga, kreti mbili za nyanya zikapondeka barabarani. Kamati ikakaa, jamaa akatozwa 3,000, polisi hawakuitwa. Sasa rafiki yangu anasema hata nchi nzima ingeenda hivyo bila serikali, kila mtu akijilipia walinzi na waamuzi wake. Mimi naona tajiri angeshinda kila siku. Wewe waonaje?

JIBU: Mwanangu, kabla sijakujibu: yule mama alikuwa na nani siku ile kamati ilipokaa?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Zamani nikiuza mahindi Nakuru, mnunuzi alinilipa magunia sita kati ya kumi. Wazee wa soko wakatuita, na aliyeamua alikuwa shemeji yake. Nikaambiwa nisamehe yale manne au nitafute soko lingine. Nikasamehe. Ningefanyaje?

Rafiki yako hajaota, hayo yamewahi kuwepo. Iceland walianzisha baraza lao, Althing, mwaka 930. Sheria zilikuwepo na waamuzi pia, ila mfalme hakuna, polisi hakuna. Ukishinda kesi, kuitekeleza hukumu ni shauri lako. Lakini walikuwa na ujanja mmoja ninaoupenda: mnyonge aliweza kumkabidhi au hata kumuuzia mwenye nguvu madai yake, huyo akayafuatilia kama yake. Anayekaidi hukumu aliweza kutangazwa nje ya sheria, na akiuawa hakuna anayedaiwa fidia. Kitu kikali! Mambo yaliharibika nguvu zilipokusanyika kwa koo chache. Zikapigana, na kati ya 1262 na 1264 wakajisalimisha kwa mfalme wa Norway.

Wasomali nao wana xeer, yaani sheria yao ya kimila. Ukiua mtu, kwa desturi fidia ni ngamia 100, na hulipi peke yako, ukoo wako unachanga. Fikiria wajomba zako wanavyokuchunga wakijua ngamia wao wako hatarini! Hapo ndipo penye akili ya mfumo huo, kwamba polisi wa mtu ni ndugu zake. Kasoro iko hapo hapo. Mwenye ukoo mdogo anadai kwa sauti ndogo, na fidia ya mwanamke kwa desturi ni nusu, ngamia 50.

Kwa hiyo hofu yako ina mashiko, ingawa pesa siyo inayonitisha zaidi. Tajiri mmoja anaweza kukataliwa na watu kumi. Anayenitisha ni mwamuzi asiyekataliwa, kama yule shemeji. Kama ningeweza kusema "huyu simtaki, tumwite mzee wa soko la pili," na mnunuzi akajua asipokuja hakuna atakayemkopesha gunia mjini, ningepata mahindi yangu bila askari hata mmoja.

Damu na ubakaji msiviguse pale steji, hayo yapelekeni polisi. Ya nyanya endeleeni nayo, ila kamati yote ni watu wa boda, na aliyegonga ni wa boda. Siku nyingine mwambieni mama aje na mtu wake wa sokoni, akae na kamati akiwa na kauli sawa na yenu. Halafu niandikie: ile 3,000 ilikuwa ya nyanya tu, au na siku alizokaa nyumbani akijiuguza, kama aliumia?