Injini ya mvuke inakwama, kisha inachomoka mbio

SWALI: Nina modeli ndogo ya injini ya mvuke ya treni ya reli nyembamba, inayotembea kwenye reli yenye upana wa milimita 32 na kutumia gesi. Presha ikipanda nikafungua mvuke, inatema maji ya moto kwenye bomba la moshi, inakwama, halafu inachomoka mbio. Je, silinda zimeharibika? Na gesi ikiisha, naweza kujaza nyingine papo hapo?

JIBU: Silinda zako ni nzima. Mvuke wa kwanza ukigusa chuma baridi hugeuka maji, na pistoni haiwezi kuyabana maji. Wewe ukiona imekwama unafungua mvuke zaidi. Maji yakishatoka, mvuke wote huo unaisukuma kwa mkupuo. Fungua kidogo tu. Vaa glavu, uisukume kwa mkono polepole, ukibadili mwelekeo mara kwa mara, mpaka kinachotoka kiwe mvuke mtupu.

Kisha ifungie mabehewa. Mimi siipimi injini yoyote ikiwa peke yake, kwa sababu bila mzigo hata iliyo bora hukimbia ovyo. Reli nyembamba halisi ya futi mbili ina upana wa milimita 610. Gawanya kwa 19, maana modeli yako ni ndogo mara 19 kuliko treni halisi, upate 32 zako. Basi treni halisi ikienda kilomita 16 kwa saa, ya kwako ipite sentimita 23 hivi kwa sekunde. Reli hizi hazikujengwa kwa mbio. Ile ya Ffestiniog kule Wales ilianza mwaka 1836 kubeba mawe ya kuezekea: mabehewa yaliteremka kwa uzito wao, farasi wakayarudisha juu, na injini za mvuke zilifika 1863 tu. Injini inayovuta mzigo taratibu, kila pumzi ikisikika, ndiyo raha yote ya kazi hii.

Kuhusu gesi, hapana, tafadhali usifanye hivyo. Kwa kawaida tangi la gesi hupimwa ili gesi iishe kabla ya maji. Ukiongeza gesi peke yake, moto utaendelea kuwaka chini ya boila kavu na maungio yake yanaweza kuachia. Acha ipoe, presha ishuke hadi sifuri, ujaze maji yaliyokenekwa, na gesi iwe ya mwisho, mbali na moto wowote. Ila kama boila yako ina kioo cha kuonyesha maji na vali ya kuyaingiza presha ikiwapo, unaweza kuongeza maji injini ikiendelea na kazi.

Wakati inapoa, shughulikia kikopo cha mafuta ya kulainishia silinda, ambacho wengi hukisahau. Mvuke huingia humo, hugeuka maji na kuzama chini, na mafuta yanayoelea juu husukumwa kidogo kidogo kwenda kwenye silinda. Kwa hiyo mwisho wa kila safari kikopo kimejaa maji. Yamwage, ujaze upya mafuta mazito ya injini za mvuke. Ya gari hayafai, kwani hayakutengenezwa kwa ajili ya mvuke.