Jibu: Jua letu halitalipuka

Ndugu yangu, umeuliza kama Jua litalipuka siku moja. Hapana, uzito wake hautoshi. Baada ya miaka kama bilioni 5 litavimba, litapukutisha tabaka zake za nje, kibaki kiini kidogo cheupe kinachopoa taratibu.

Zinazolipuka ni nyota zenye uzito wa Jua mara 8 na kuendelea. Hizo huchoma haidrojeni, heliamu, kaboni, yaani huunganisha atomi ndogo kuwa kubwa zaidi, mpaka kiini kinakuwa chuma, kama hiki cha jembe. Chuma hakiongezi nishati ya kushindana na uvutano, basi kiini huporomoka kwa chini ya sekunde moja, na nyota hulipuka!

Jana umeme ulipokatika hapa Moshi nilimwonyesha mwanangu Betelgeuse, nyota ile nyekundu ya begani mwa kundi la nyota liitwalo Orion. Itakufa hivyo. Ikilipuka, itaonekana hata mchana.