Kabla Hujakata Sakafu ya Land Rover ya Zamani

Huku Pwani, kila anayenunua Land Rover ya zamani ana neno moja: "Bodi ni aluminiamu, hii haishiki kutu." Ni kweli kwa nusu. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inatoa chuma kwa mgawo baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa aluminiamu na magnesiamu. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta wa mbele unaotenganisha injini na dereva ni chuma. Pale unapoweka miguu ni sehemu ya ukuta huo. Ndipo unapoona gari linang'aa kwa nje, kumbe dereva amekanyaga chuma kilichobaki chembamba kama karatasi.

Langu ni Series III pikapu, ile ndefu ya 109 (inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), na limeishi Tanga karibu na bahari miaka mingi. Sakafu ya mbele nimeibadilisha pande zote mbili nikishirikiana na fundi bodi wa mtaani kwetu. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kila mwenye gari la namna hii ayajue kabla hajampa fundi grenda.

Anza kwa kung'oa kila kitu kilicholala sakafuni: mikeka, kapeti, lami aliyopaka mwenye gari wa zamani. Lami ndiyo mbaya kuliko vyote, maana inafunika kutu na kuyafungia maji ndani. Kisha chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga taratibu kuanzia katikati kwenda pembeni. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito isiyo na mlio. Palipo na sauti hiyo, sukuma bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki, na usishangae alama zikipanda hadi kwenye miguu ya nguzo za milango. Kagua pia mikono ya chasisi iliyobeba ukuta huo. Kama nayo imeoza, anzia huko, kwani sakafu mpya haiwezi kukaa juu ya kitu kinachocheza.

Sasa tafuta maji yanakotoka. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea: mtu anabadilisha sakafu, mvua za masika zikipita miaka miwili mitatu kutu imerudi palepale. Mwenzako akae ndani na tochi, wewe mwagilia kwa mpira wa maji, sehemu moja moja, bila haraka. Anza na vile vidirisha viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Raba zake zikikauka maji yanashuka moja kwa moja kwenye miguu. Halafu raba kati ya fremu ya kioo na ukuta, kisha raba za milango. Upande wa dereva angalia na masta ya klachi na ya breki. Mafuta ya breki yanakula rangi, na yakivuja yanateremka kwenye pedeli hadi sakafuni, yakiacha chuma kitupu kinachosubiri chumvi.

Kuhusu usalama sina utani. Kwenye pikapu kama langu tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani chini ya dereva. Lishushe na ulipeleke mbali na mahali pa kuchomelea. Usiridhike kwamba ni tupu. Tangi tupu la petroli limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Toa waya za betri, chomoa na za alteneta, sogeza paipu za breki.

Kabla ya kukata, mwambie fundi achomelee pau ya chuma kutoka nguzo moja ya mlango hadi ya pili. Ukuta ukishakatwa chini unalegea, na nguzo zikisogea hata kidogo mlango hautafunga tena vizuri. Milango iache mahali pake ili muwe mnaipima kila hatua. Fanyeni upande mmoja mpaka uishe ndipo mhamie wa pili. Mimi ningeanza na wa abiria, ambako hakuna pedeli wala stelingi za kukusumbua, mkono uzoee.

Kipande kipya waweza kununua kilichokwisha kukunjwa, au kukikunja mwenyewe. Chora kwanza kwenye boksi, kata, jaribu, rekebisha, ndipo uhamishie kwenye chuma. Bati la geji 16, unene wa milimita 1.6 hivi, linavumilia viatu vya kazi. Bati la paa ukipewa likatae: ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua inatoa moshi unaomtia fundi homa usiku.

Vidoti vya kiwandani, yaani alama ndogo za kuchomelea zinazoshika sakafu kuukuu, vitoboe kwa drili, usivipasue kwa patasi, ili ukingo ubaki mzima. Kwenye bati jipya toboa matundu kulingana na vidoti hivyo, kisha yajazwe kwa mashine ya kuchomelea ya CO2. Ile ya vijiti inatoboa chuma kikuukuu mbele ya macho yako. Fundi achomelee vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, aruke upande mwingine, aache papoe, ndipo arudi. Akivuta mstari mmoja mrefu bati litajikunja. Na asikubali kubandika kipya juu ya kilichooza, halafu puti juu yake. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kuuzia gari, na anayeumia ni atakayelinunua.

Ukimaliza, safisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke kabisa, paka praima yenye zinki, ziba maungio yote kwa sila, ndipo rangi juu na chini. Jambo linalosahaulika ni pale chuma kinapokutana na aluminiamu, kama kwenye sanduku la viti. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona ukingoni ndio ushahidi. Paka rangi pande zote mbili, weka utepe wa raba katikati, na boliti zipakwe grisi kabla ya kufungwa. Riveti za aluminiamu kwenye chuma zisitumike kabisa.

Mkeka uwe wa kutandika tu, bila gundi. Baada ya mvua kubwa unyanyue, na ukiona maji, chukua tena tochi na mpira wa maji siku hiyohiyo, rangi ikiwa bado nzima.