Kori moja inahema, zingine zimelala: gemu inalegi kwa nini?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nina laptopu ya prosesa kori 4 nyuzi 8, ramu 8GB na ina kadi ya grafiki yake yenyewe, sio ile inayokuja ndani ya prosesa. Sasa shida yangu, nikifungua gemu dakika kumi za kwanza iko poa kabisa fremu 60 kwa sekunde, baada ya hapo inaanza kulegi inashuka hadi 25, saa zingine 20, inakata kata mpaka hasira. Nimefungua Task Manager naona prosesa iko asilimia 30 tu, nikaangalia kori moja moja nikakuta moja iko 95 na zingine kama zimelala vile. Jamaa mmoja akanambia ingia msconfig tiki kisanduku cha idadi ya prosesa uchague 8 ndo zote zitaamka, nimefanya hamna kilichobadilika. Nisaidie kabla sijaiuza. Mimi Mchovu wa Legi.

JIBU: Usiuze kwanza ndugu yangu. Na kabla hujasoma mbele rudi msconfig utoe hiyo tiki. Hicho kisanduku kazi yake ni kupunguza kori (zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake), sio kuongeza, kipo kwa ajili ya watu wanaotaka kujaribu programu zao zinaendaje kwenye mashine dhaifu. Kikiwa hakina tiki Windows inatumia kori zote zilizopo. Huu ushauri unazunguka miaka na miaka na sijui utakufa lini, kuna watu walichagua namba ndogo kwa bahati mbaya wakabaki wanateseka na nusu ya mashine yao bila kujua.

Sasa hizo kori. Kwenye gemu kutolingana ni kawaida, tena kawaida sana. Fikiria ujenzi, fundi mmoja anapanga tofali na vibarua saba wanamletea udongo na maji, hata ukiongeza vibarua wawe ishirini ukuta hauendi haraka kuliko mkono wa fundi. Gemu nyingi zina kazi moja kuu ambayo lazima ifuate mpangilio, kwanza ujue mchezaji kabonyeza nini, ndo uhesabu adui yuko wapi, ndo uiambie kadi ya grafiki ichore nini, na hiyo kazi inakaa kwenye uzi mmoja, yaani mlolongo mmoja wa kazi ambao kori moja tu inaushughulikia kwa wakati. Sauti, kupakia ramani na vitu vingine ndo vinagawiwa kori zingine. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alishalieleza hili mwaka 1967: kama nusu ya kazi haigawanyiki, hata uwe na prosesa elfu moja huwezi kuifanya iende zaidi ya mara mbili.

Ndo maana ile asilimia 30 inadanganya. Una visanduku 8 pale Task Manager, kimoja kikijaa chote na vingine vikiwa tupu jumla itasoma kama asilimia 12 na nusu tu, na wewe utasema mbona prosesa imepumzika, kumbe fundi yuko hoi. Alafu hivyo visanduku 8 sio kori 8, ni kori 4 kila moja inaendesha nyuzi mbili, kwa hiyo hata hiyo nafasi unayoiona iko wazi sio nafasi kamili.

(Wenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 12 nyie kwenu ni zaidi, nyingi kati ya hizo zina kori kubwa za nguvu na kori ndogo za kubana umeme kwenye prosesa moja, zikilingana ndo ungeshangaa.)

Kilichonivutia mimi kwenye barua yako sio kori, ni zile dakika kumi. Gemu ambayo prosesa haiiwezi inalegi tangu mwanzo, haisubiri. Inayoanza vizuri alafu ikaanguka, mtu wa kwanza kumshuku ni joto. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi joto 95 hadi 100 zinajipunguzia spidi zenyewe ili zisiungue, na kwenye laptopu nyingi za gemu prosesa na kadi ya grafiki zinatumia mabomba yale yale ya kutolea joto kwa hiyo mmoja akichemka anamchemsha na mwenzake.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua Task Manager kwenye ukurasa wa prosesa, achana na asilimia, tazama ile namba ya spidi inayosoma GHz. Cheza robo saa uichungulie tena. Kama ilikuwa 3 na kitu ikashuka 1 na kitu wakati huo huo fremu zinaanguka, kesi imeisha. Ukitaka kuona na joto lenyewe weka programu inayoitwa HWiNFO, ni ya bure.

Ikishathibitika ni joto usikimbilie kununua chochote. Itoe kitandani kwanza, godoro linaziba matundu ya chini, inyanyue nyuma kidogo hata kwa vitabu viwili. Safisha vumbi, na ukipuliza feni ishikilie isizunguke kama panga boi. Kama laptopu ina miaka kadhaa na haijawahi kubadilishwa ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, mpe fundi aibadilishe. Alafu weka kikomo cha fremu ndani ya gemu, 60 au hata 45, maana fremu 45 zilizotulia zinachezeka kuliko 60 zinazoruka ruka. Kuna na ujanja mwingine, kwenye setingi za umeme za Windows kiwango cha juu cha prosesa kikiwekwa 99 badala ya 100, laptopu nyingi zinaacha ile spidi ya kujirusha na joto linashuka sana, unapoteza spidi kidogo mwanzoni ila haianguki katikati ya mechi.

Angalizo moja, kama spidi imegandia 0.8 au chini ya hapo tangu unawasha, hilo sio joto, angalia chaja. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza siku mbili nagawa kori kwa mkono, hii kwa gemu hii kwa sauti, najiona mhandisi kweli kweli, kumbe chaja niliyoazima ni ya wati ndogo na laptopu ilikuwa inajibana isizimike. Nilikaa kimya sikumwambia mtu.

SWALI: Na mimi gemu inalegi ila mwanzo mpaka mwisho, prosesa haichemki wala nini. Nitajuaje tatizo ni prosesa au kadi ya grafiki?

JIBU: Shusha rezolusheni toka 1080 hadi 720 ucheze sehemu ile ile. Fremu zikipanda sana, kadi ndo iliyokuwa inaelemewa. Zikibaki pale pale, inayokwamisha ni prosesa, na hapo punguza vitu vinavyoitesa kama umati wa watu, umbali wa kuona na vivuli. Ila kabla ya yote hakikisha gemu haijaangukia kwenye grafiki ya ndani ya prosesa, hilo unalirekebisha kwenye setingi za skrini upande wa grafiki, unaichagulia gemu utendaji wa juu. Na kama huna kadi ya pembeni na ramu yako ni kijiti kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho, grafiki ya ndani inaishi kwa ramu na vijiti viwili vinaipa njia mbili.

MCHOVU WA LEGI KARUDI: Mtaalamu asante sana. Spidi ilikuwa 3.4 inashuka hadi 1.3 kila baada ya dakika kama tisa hivi. Nimefungua chini nimekuta vumbi limeganda kama blanketi, nimesafisha nikaweka kikomo cha fremu 50 na sasa nacheza masaa mawili haitikisiki. Ila kori bado hazilingani, ile moja bado iko 90. Hiyo nifanyeje?

JIBU: Iache.