Nyumba ya Langoni na kiingilio cha dola 10,000

"Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanamume wa miaka 33, mzaliwa wa Lamu, mhasibu wa hoteli moja hapa Malindi kwa mshahara wa shilingi 62,000. Kwa miezi 14 nimekuwa nikicheza poka mara mbili kwa wiki katika nyumba ya Mtaliano mmoja upande wa Casuarina. Nilianza kwa kuweka shilingi 2,000 kwa usiku, sasa naweka 20,000. Tarehe 9 Agosti nilikula 340,000 kwa mkono mmoja: nilikuwa na ree mbili na mwenzangu alikuwa na wafalme wawili. Tangu hapo nimeliwa mara kadhaa, na nikitoka nimeliwa huwa nacheza ule mchezo wa ndege kwenye simu ili nirudishe kidogo, kwa kuwa kuna deni dogo la mikopo ya simu. Mke wangu anajua kwamba usiku wa poka tunafunga hesabu za hoteli. Sasa nataka kuuza nyumba yangu ya urithi ya Langoni, kule Lamu, aliyotuachia baba mimi, mama na dada zangu wawili, nipate kiingilio cha mashindano makubwa ya Las Vegas, dola 10,000, pamoja na nauli. Hati nimekwisha kuichukua kabatini kwa mama, ila bado sijamwambia. Chris Moneymaker, aliyewahi kuyashinda, alikuwa mhasibu kama mimi. Marehemu baba alikuwa nahodha na maisha yake yote alicheza na bahari, na hakuna aliyemwita mcheza kamari. Mpaka kati ya azma na kamari uko wapi, Bibi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma na kalamu mkononi, kama wewe unavyosoma risiti ya mtu usiyemwamini.

Hukumu ya dini hukuniuliza, na mtu aliyelelewa Langoni hahitaji kuambiwa na mimi yaliyomo katika Qur'ani, sura ya Al-Maida, aya ya 90, inayokataza kamari. Nitataja tu kwamba Al-Baqara, aya ya 219, haikukana kuwa kamari ina manufaa kwa watu, bali imesema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo mimi nami sitakuambia kwamba zile 340,000 hazikuwa pesa. Zilikuwa pesa, na ndiyo sababu tunaandikiana.

Nianze na mchezo wenyewe, usije ukasema bibi huyu hajui anachokisema. Poka si kama gurudumu la ruleti, lenye vyumba 37, ambalo mwenye kasino amekwisha kujipangia faida yake ya asilimia 2.7 kabla hujavuta kiti. Katika poka wachezaji hulana wao kwa wao na mwenye meza hukata fungu lake, kwa hivyo mtu anayejua kuhesabu, kustahimili na kutupa karata mbovu bila kinyongo anaweza, kwa muda mrefu, kuwala wasiojua, maadamu anawazidi kiasi cha kulifidia na lile fungu la mwenye meza. Wako watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Hapo hukukosea.

Lakini tazama ushahidi ulioniletea. Ree mbili mtu hugawiwa, kwa wastani, mara moja katika mikono 221, na zikikutana na wafalme wawili kabla karata za katikati hazijafunuliwa, hushinda kama mara 82 katika 100. Mkono ule, mwanangu, hata mjukuu wangu wa darasa la nne angeula, kwa sababu haukutaka chochote ila kusukuma mbele ulicho nacho. Umahiri wa poka huonekana katika mikono ambayo mtu ameitupa, na katika barua nzima hukunitajia hata mmoja.

Kisha nikaja kwenye hesabu zako. Ushindi umeuandika kwa tarehe, kwa kiasi na kwa karata za kila mmoja wenu. Kuliwa umeandika "mara kadhaa". Deni umeandika "dogo". Mkaguzi wa mahesabu akifika hotelini kwako akakuta kitabu ambacho mapato yana tarehe na matumizi yameandikwa "kadhaa", unajua vizuri kuliko mimi atakachokifanya.

Niruhusu nikuchukue nyumbani kwangu kidogo. Mume wangu wa kwanza alikuwa mcheza karata, hapo hapo Lamu, Mkomani, na wakati ule mimi nilikuwa msichana ambaye hata turufu sikuijua. Siku alizokula alirudi na halua imefungwa kwenye kikuti, akawaamsha watoto saa sita za usiku ili wale. Siku alizoliwa aliingia bila kuwasha taa na akalala upande wa ukutani. Mimi nilihesabu halua tu, nikadhani tunapata, mpaka asubuhi moja nilipofungua kisanduku nikakuta bangili zangu mbili hazimo. Alipoulizwa hakusema uongo hata kidogo. Alisema, kwa uso wa mtu anayeamini asemalo, kwamba mwaka ule alikuwa amekula zaidi ya alivyoliwa. Na yeye pia alikuwa akihesabu halua.

Mpaka uliouliza naanza kuuona hapo. Watu huutafuta kwenye ukubwa wa dau, na mimi naona wanakosea, kwa kuwa tajiri anaweza kuweka milioni na asiwe mraibu, na mchukuzi wa gatini akaweka 50 naye akawa ameshikwa. Mimi huutafuta katika mambo mawili: mtu huyo anajua ameliwa kiasi gani, na usiku alioliwa anafanya nini kabla hakujakucha. La kwanza tumeliona. La pili umenijibu bila kuulizwa, kwamba ukitoka nyumba ya Casuarina ukiwa umeliwa unafungua simu na kucheza ndege. Sasa nieleze, wewe unayesema poka ni elimu: ndege ile ina elimu gani? Hakuna wa kumsoma usoni, hakuna karata ya kutupa, kuna mashine inayoamua ndege itatoweka lini. Mtu anayefuata kazi yake ya poka angekwenda kulala. Aliyekwenda kwenye ndege hakuwa akifuata poka. Alikuwa akiifuata pesa iliyoliwa, au ule moto wa kifuani unaozimika mchezo ukiisha.

Umenitajia Moneymaker. Ni kweli alikuwa mhasibu, wa Tennessee, na mwaka 2003 aliwashinda wachezaji 838 katika mashindano hayohayo akapata dola milioni 2.5. Lakini kiingilio chake alikipata kwa kushinda mashindano madogo ya intaneti aliyoyalipia dola 86. Dola 86 ni pesa ya mfukoni kwa mhasibu wa kwao, nawe unataka kuingia kwa nyumba. Mwaka uliofuata walijitokeza wachezaji 2,576, wengi wao wakiwa na ndoto uliyo nayo wewe, na mwaka 2024 walifika 10,112. Katika mashindano yale hulipwa kama watu 15 katika kila 100. Wale 85 waliobaki hurudi makwao mikono mitupu, na ukitolewa huna ruhusa ya kulipa tena ukarudi mezani. Wenye kazi hii hawaweki kiingilio kimoja zaidi ya sehemu ndogo sana ya mtaji walioutenga, asilimia 1 au 2, ili wakiliwa mara 30 mfululizo, jambo ambalo huwapata hata mahodari, wawe bado wana cha kuchezea. Piga hesabu mwenyewe: kwa kanuni hiyo, anayeweka dola 10,000 awe ametenga nusu milioni hadi milioni nzima za dola.

Na kama tunatajiana majina, mimi nitakutajia Stu Ungar. Huyo alishinda mashindano hayohayo mara tatu, mwaka 1980, 1981 na 1997, na wengi waliocheza naye walisema hawakuona mkali wa karata kama yeye. Alichokila kwenye karata alikipeleka kwenye farasi, kwenye mechi na kwenye dawa za kulevya, na Novemba 1998, mwaka mmoja na nusu tu baada ya ushindi wa tatu, alikutwa amekufa katika chumba cha moteli hapo hapo Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Farasi wake na ndege yako ni jambo moja. Umahiri haukumkinga hata chembe. Pengine ulimdhuru, maana kila alipoanguka alijua karata zitamwinua, na hivyo hakuwahi kuwa na sababu ya kuacha.

Kuhusu marehemu babako nitakuomba ufute ulichoandika. Babako hakucheza na bahari. Upepo wa kusi ukiwa mkali, vyombo hupandishwa pwani vikakalafatiwa nyufa, na nahodha hukaa barazani na dhumna yake akingoja, hata kama nyumbani unga umepungua. Sijasikia nahodha aliyerudi mtupu jioni akasukuma chombo usiku uleule ili amlipize bahari. Na kilichopatikana kiligawanywa kwa mafungu yanayojulikana: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia.

Wachezaji wakubwa wa poka nao wana mgao wao. Kiingilio kikiwa kizito huuza hisa, huyu asilimia 10, yule 20, na wanunuzi mara nyingi ni wachezaji wenzao wanaoujua uwezo wa muuzaji. Akipata wanagawana, akikosa wanakosa pamoja. Basi nenda Casuarina ukawaulize wale unaokaa nao mezani nani atanunua nusu ya kiingilio chako. Wamekutazama miezi 14. Wao wanaokujua wakikataa, kwa nini anunue dadako, ambaye hajui hata kwamba anauziwa?

Maana nyumba ile umeiita yako. Wewe ni mhasibu, hebu tuipige hesabu kwa sheria ya mirathi ambayo Kadhi wa Lamu angeipiga, ikiwa warithi ni hao wanne uliowataja tu. Igawe nyumba sehemu 32. Mjane ana thumni, yaani moja ya nane, sehemu 4. Zinabaki 28, na mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti, kwa hiyo wewe una 14 na kila dada ana 7. Yako ni sehemu 14 katika 32, haifiki nusu. Kwa bei unayotumaini kuiuza, sehemu 18 za kila dola utakayoiweka mezani Las Vegas zitakuwa za wanawake watatu ambao hawajaulizwa. Hiyo siwezi kuiita azma, na mimi sina haja ya kujua unacheza vizuri kiasi gani ili niseme hivyo.

Madaktari nao wana njia yao ya kupima. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilitoa toleo la tano la mwongozo wake na kuuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili walizoziorodhesha ni 9, na zikionekana 4 ndani ya miezi 12 daktari anaweza kuutaja ugonjwa kwa jina. Mimi si daktari na kalamu yangu si kipimo, lakini katika barua yako nimepigia mstari dau lililopanda kutoka 2,000 hadi 20,000, kurudi kuifuata pesa iliyoliwa, uongo unaomwambia mkeo na ndoa unayoihatarisha kwa ajili ya mchezo. Hizo ni nne, na sijagusa mikopo.

Kwa hiyo sitakushauri upunguze. Kupunguza ni ushauri wa mtu anayecheza karata za kujifurahisha baada ya isha. Acha poka na uache ndege, vyote pamoja, na uondoe programu hiyo kwenye simu leo, si baada ya kurudisha kidogo. Andika madeni yote kwa jina la mkopeshaji, kiasi na tarehe ya kulipa, na usichukue mkopo mmoja kulipa mwingine. Mwambie mkeo wewe mwenyewe, ukiwa na karatasi hiyo mkononi, na umwombe kwa miezi michache mshahara uingie kwake, wewe upewe nauli. Utaona haya, na haya hiyo ni rahisi kuliko ile atakayoona yeye akiambiwa na jirani. Kisha nenda hospitali ya hapo Malindi uulizie afya ya akili, na ikiwa utahitaji zaidi, Mombasa iko hospitali ya Port Reitz. Tiba inayotumika sana kwa tatizo hili ni ya mazungumzo, ambapo unafundishwa kuzitambua fikra kama ile ya "nirudishe kidogo" kabla hazijakufikisha kwenye simu. Ukizidiwa usiku, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Sanduku la hoteli hukulitaja, nami sikutuhumu. Lakini ikiwa kazini unashika pesa taslimu, tafuta sababu yoyote ya heshima uhamishiwe kwenye ankara kwa muda.

Imebaki hati. Panda basi la alfajiri la Mokowe, uvuke hadi Lamu, na uende moja kwa moja kwa mamako kabla ya kupita barazani kwa rafiki zako. Irudishe kabatini mbele ya macho yake, si kwa siri kama ulivyoichukua, na akikuuliza ilikuwa wapi, mwambie ilikuwa Malindi na ilikuwa inakwenda Las Vegas.